Mtoto viungo vimeshapona, kwa nini sindano za moyo ziendelee miaka yote hiyo?

mama_wa_watatu

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana nyumbani hatuelewani kabisa. Mwanangu wa kati ana miaka 9. Miezi kadhaa nyuma aliamka goti limevimba, la moto, hataki hata shuka liliguse, tukajua ni michezo yao tu kaanguka hataki kusema. Goti likatulia lenyewe, kifundo cha mguu wa pili kikaanza, mara kiwiko, yaani maumivu yanahama tu na homa juu. Wiki chache kabla ya hapo koo lilimsumbua likaisha. Hospitali wakachukua damu, wakampima umeme wa moyo na eko (ile picha ya moyo kwenye skrini), wakasema ni homa ya rumatiki na valvu moja ya moyo inavujisha kidogo. Akaanzishiwa aspirini, na kusema kweli viungo vilipona haraka mpaka tukashangaa.

Sasa hivi yupo vizuri, anakula, anakimbia, ukimwona huwezi jua kama aliumwa. Lakini kila wiki 4 lazima achomwe ile sindano nzito ya peniselini, na daktari anasema ni mpaka awe mtu mzima!! Siku ya sindano analia toka asubuhi. Baba yake anasema mtoto kashapona tunamtesa bure, shangazi yake naye anasema antibayotiki miaka yote hiyo zitamuua kinga ya mwili. Mimi nipo katikati.

Na kuna kingine, mdogo wake wa miaka 6 nilimpeleka kupima sehemu nyingine kwa wasiwasi wangu tu, haumwi kitu, wakasema ASO yake, kipimo fulani cha damu, ipo juu kwa hiyo na yeye aanze sindano. Hii kitu inaambukiza au ni ya ukoo? Na huyu mkubwa anaruhusiwa kucheza mpira? Msaada tafadhali.

chuma_kazi

Dada pole. Mimi mtoto wa kaka yangu aliambiwa hivyohivyo, wakamchoma weee wakachoka wakaacha, leo kijana mzima anabeba mizigo. Hawa watu wakishakuona una hofu wanakufanya mteja wa kudumu. Kama mtoto anakimbia na kula, moyo una shida gani? Pumzisha mtoto.

nesi_wa_zamu

@chuma_kazi mkuu samahani ila ushauri huo ni wa hatari, na unampa mtu ambaye mwanae tayari eko imeonyesha valvu inavuja. Mtoto wa kaka yako pengine alikuwa na bahati, pengine hajapimwa tena eko toka aache, hakuna anayejua.

Mama, nianze na hapa kwanza maana ndio mzizi wa ugomvi wenu hapo nyumbani: ile sindano haitibu magoti. Magoti yalitibiwa na aspirini na yangepona hata bila aspirini, ingechukua muda tu. Sindano inazuia koo lisipate tena yule bakteria, kwa sababu mtoto aliyeshapata homa ya rumatiki mara moja akipata tena maambukizi ya koo ya bakteria huyo ni rahisi sana homa kurudi, na ikirudi haianzi upya, inaongezea uharibifu palepale kwenye valvu ilipoishia. Kwa hiyo baba akisema "kapona" yupo sahihi kwa upande wa viungo, ila sindano haikuwa ya viungo toka mwanzo. Mwambie hivyo hivyo uone atasemaje.

Sasa kuhusu maumivu, maana hapa ndipo watoto wengi wanapotukimbia na wazazi wanachoka nao. Vitu vinavyosaidia kweli: dawa isichomwe ikiwa ya baridi kutoka kwenye friji, ishikwe mkononi kwanza ipate joto la kawaida. Muulize nesi wenu kama wanaweza kuichanganya na lidokeini, ile dawa ya ganzi, badala ya maji peke yake, inapunguza maumivu ya pale pale na ya masaa yanayofuata. Kabla ya kuchoma abonyeze pale mahali kwa kidole gumba kwa nguvu kama sekunde 10. Achome polepole sana, dakika 2 au 3, hii dawa ni nzito kama uji na ukiisukuma kwa haraka ndio mtoto anapiga ukelele wa jengo zima. Wabadilishe upande kila mwezi. Mtoto awe amekula na kunywa maji, na alale chini, asichomwe amesimama. Baadaye atembee tembee, akikaa tu mguu unakaza.

Usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie itauma kidogo halafu mpe kazi ya kufanya, ahesabu, aimbe, achague mwenyewe upande gani leo. Watoto wa miaka 9 wanapenda kuulizwa. Na kama nesi wenu anachoma kama anapigana, omba mwingine, una haki hiyo wala usione aibu.

dk_watoto

Mimi ni daktari wa watoto, sitamtibu mtoto wa mtu mtandaoni ila nieleze mambo mawili matatu yaliyoulizwa.

Kuambukiza na ukoo. Homa ya rumatiki yenyewe haiambukizi, huwezi kuipata kwa kulala na mgonjwa. Kinachoambukiza ni bakteria wa koo, streptokoka kundi A, anaenda kwa kukohoa, kupiga chafya, kulala wengi chumba kimoja. Watoto wengi wanaougua koo la huyu bakteria hawapati homa ya rumatiki, ni wachache tu ambao miili yao ina mwelekeo huo, na mwelekeo huo kweli unaonekana zaidi kwenye baadhi ya familia. Kinachotokea ni kwamba askari wa mwili wanapotengenezwa kupambana na bakteria wanakuta kuna sehemu za moyo, viungo na ubongo zinafanana naye, wanazishambulia nazo. Ndio maana ugonjwa unakuja wiki 2 au 3 hivi baada ya koo, wakati koo lenyewe limeshasahaulika na wazazi wengi wanaapa kwamba mtoto hakuwahi kuumwa koo. Wengi wanakuwa na miaka 5 hadi 15, chini ya miaka 3 ni nadra sana.

Sasa ASO ya mdogo wake, na hapa nitaongea kwa ukali kidogo maana naona hii kila wiki. ASO kuwa juu maana yake ni moja tu, kwamba siku za karibuni mtoto alikutana na streptokoka. Basi. Sio homa ya rumatiki, sio ugonjwa wa moyo. Ukipima darasa zima la watoto wazima utapata wengi wako juu. Homa ya rumatiki inatambuliwa kwa kuunganisha mambo kadhaa kwa vigezo vinavyoitwa vya Jones, vilitolewa mwaka 1944 na vimerekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho kwa ukubwa ni 2015. Vile vikubwa ni moyo kushambuliwa, viungo kuvimba kwa kuhama, mwili kuchezacheza bila hiari, vipele vya mduara visivyowasha na vinundu vigumu chini ya ngozi. Halafu kuna vidogo kama homa na vipimo vya damu vya uvimbe. ASO inaingia pale kama ushahidi tu kwamba streptokoka alipita. Mtoto wa miaka 6 asiyeumwa chochote kuanzishiwa miaka ya sindano kwa sababu ya namba moja ya damu, hapana. Kama bado una wasiwasi kwa vile kaka yake anaumwa, aende akasikilizwe moyo na ikiwezekana afanyiwe eko, hiyo ndiyo inayojibu swali, ASO haijibu.

Ila huyu mdogo koo likimuuma usisubiri liishe lenyewe. Koo la ghafla, homa, kumeza shida, tonsi zimevimba zina utando mweupe, vitezi vya shingoni vinauma, na hakuna kikohozi wala mafua, hilo lipelekwe. Akianza antibayotiki sahihi ndani ya siku 9 toka koo lianze, homa ya rumatiki inazuilika. Na amalize dozi, akiandikiwa siku 10 za vidonge ni siku 10, hata kama siku ya tatu anaruka ruka.

Kuhusu huyu mkubwa na muda wa sindano. Miongozo inatofautiana kidogo kati ya nchi na nchi. Ule wa Shirika la Moyo la Marekani unasema hivi: kama moyo haukuguswa, miaka 5 au mpaka afike miaka 21, ile inayochelewa kuisha. Kama moyo uliguswa lakini valvu zikapona, miaka 10 au mpaka 21. Kama valvu imebaki na kasoro, miaka 10 au mpaka miaka 40, wengine maisha yote. Mwanao ameanza na kuvuja kidogo, na habari nzuri ni kwamba kuvuja kidogo kwa watoto mara nyingi kunapungua au kuisha kabisa miaka inavyokwenda, lakini kwa sharti moja, homa isirudi tena. Kwa hiyo urefu wa safari yake haujulikani leo, utaonekana kwenye eko zinazofuata. Usimwambie mtoto "mpaka uzeeke", mwambie tutaangalia.

chuma_kazi

Daktari sawa nimekuelewa kiasi, ila nijibu hili, antibayotiki miaka 10 si huyo bakteria anazoea? Tunaambiwa kila siku tusinywe hovyo dawa zitakosa nguvu, leo mnasema mchome kila mwezi. Ni ushahidi gani upo kwamba inasaidia mtu ambaye hajisikii kuumwa?

dk_watoto

Swali zuri mkuu, hili ndilo ulitakiwa kuanza nalo.

Streptokoka kundi A ni wa ajabu kidogo, peniselini imetumika toka miaka ya 1940 na mpaka leo bado inamuua. Kwa dawa nyingine kama eritromisini ameshaanza kuzoea sehemu nyingi, kwa peniselini hapana. Na kinga ya mwili haiuliwi na peniselini, shangazi hapo amechanganya na dawa nyingine. Hatari ya kweli ya peniselini ni mzio, sio wa wengi, na ndio maana unaulizwa kabla na unakaa pale kwa muda baada ya kuchomwa. Mwenye mzio anabadilishiwa dawa.

Ushahidi upo. Uganda ya kaskazini walichukua watoto 818 wenye dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu kwenye eko, watoto wasiojisikia chochote, wengine hawakujua hata kama wana kitu. Nusu wakachomwa kila wiki 4, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka 2, waliochomwa ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8, wasiochomwa asilimia 8.2. Matokeo yalitoka 2021. Hao walikuwa wanakimbia na kula kama huyu wa dada hapa.

Na ndio shida yenyewe ya huu ugonjwa, valvu inaweza kuharibika miaka na miaka bila mtoto kujua. Valvu ya mitrali ndiyo inayoguswa zaidi, inafuata ya aota. Utotoni mara nyingi inakuwa kama mlango usiofunga vizuri, damu inarudi nyuma. Baadaye kovu linakaza, mlango haufunguki vizuri nao. Moyo unafidia kwa kutanuka, unafidia, unafidia, siku ukichoka ndio unamwona mtu hawezi kupanda ngazi, analala amekaa, miguu imevimba. WHO wanakadiria watu milioni 55 hivi duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo wa rumatiki na unaua kama 360,000 kila mwaka, wengi sio wazee.

tiktik_kifuani

Nimesoma nikaona niandike maana mimi ndiye huyo mtoto miaka mingi baadaye. Jina langu la humu ni kwa sababu valvu yangu ya chuma inasikika, chumba kikiwa kimya mtu aliyekaa karibu anauliza hiyo saa iko wapi 😂

Mimi nilipata nikiwa darasa la nne, kama huyu wa kwako, magoti, homa, nikapona. Nilichomwa sindano kwa muda halafu familia ikahama, huko tulikohamia hakuna aliyefuatilia, kadi ikapotea, na mimi nilikuwa najisikia vizuri kabisa. Nimecheza, nimesoma, nimeolewa. Ujauzito wa kwanza ndio ulinionyesha. Miezi ya katikati nikaanza kukosa pumzi usiku, nakohoa, watu wanasema ni mimba tu, mimba ndivyo zilivyo. Kumbe valvu ya mitrali ilikuwa imebana na damu inaongezeka mwilini ukiwa mjamzito, moyo unashindwa kuipitisha, maji yanajaa kwenye mapafu. Tuliokoka wote wawili namshukuru Mungu, baadaye nikafanyiwa upasuaji nikawekewa ya chuma.

Nataka uelewe maisha ya baada ya hapo mama, sio kukutisha. Warfarini kila siku bila kuruka, maisha yote, ili damu isigande kwenye valvu. Kupima INR kila mara, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ikiwa chini damu inaganda unapata kiharusi, ikiwa juu unavuja damu. Dawa nyingine hata ya maumivu huwezi kununua tu, lazima uulize. Na warfarini na ujauzito ni mtihani mkubwa kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, mimi sikuzaa tena. Wakati mwingine nikimwona nesi anamchoma mtoto ile sindano na mama analia pembeni natamani nimwambie dada vumilia, yaani vumilia, hujui unachokwepa.

Mtoto wako akiwa wa kike ningesema haya mara mbili.

baba_zuu

Naongezea kidogo tu kuna watu watasoma huu uzi wakidhani lazima viungo vivimbe. Binti yangu hakuumwa viungo hata kimoja. Alianza kuangusha vitu, vikombe, kalamu, mwandiko ukaharibika, uso unakunjamana kama anatukejeli, analia bila sababu. Shuleni wakasema ana utovu wa nidhamu, akaadhibiwa kwa hilo, inaniuma mpaka leo. Akilala inaisha kabisa, akiamka inaanza. Daktari akamwambia ashike vidole vyake abane, akawa anabana anaachia anabana anaachia kama anakamua. Inaitwa korea ya Sydenham, ni homa ya rumatiki hiyohiyo imeenda kwenye ubongo, na inaweza kuja miezi mingi baada ya koo kwa hiyo hata vipimo vya damu vinaweza kuwa vimeshatulia. Inawapata wasichana zaidi. Ilipona yenyewe ila eko ikaonyesha valvu imeguswa, na yeye yupo kwenye sindano.

nesi_wa_zamu

Ahsante baba Zuu, hiyo wengi hawaijui kabisa, hata walimu wangeambiwa.

Mama uliuliza mpira. Wakati wa homa yenyewe anapumzika, lakini sasa kama eko inasema ni kuvuja kidogo na moyo haujatanuka, watoto wengi wa hivyo wanaruhusiwa kucheza. Muulize daktari wake wa moyo, usimfungie ndani kwa hofu, mtoto akishajiona mgonjwa ndio sindano zinakuwa ngumu zaidi. Anayezuiwa ni yule mwenye valvu mbaya.

Na meno! Kila mtu anasahau meno. Valvu yenye kovu bakteria wa mdomoni wanapenda kujishikiza pale, ukapata maambukizi ndani ya moyo, hiyo ni habari nyingine mbaya kabisa. Apige mswaki asubuhi na usiku, na akienda kung'oa jino mwambieni daktari wa meno mapema kwamba ana tatizo la valvu na kwamba yupo kwenye peniselini ya kila mwezi, kwa sababu kama atahitaji dawa ya kinga ya siku hiyo wanaweza kuchagua ya aina nyingine.

dk_watoto

Naomba niongeze moja ambalo halizungumzwi sana. Yapo matukio ya watoto kuzimia au hata kufa muda mfupi baada ya sindano, habari zikasambaa kwamba ni mzio, watu wakaogopa. Walipochunguza wakaona wengi ni wale ambao moyo tayari umeshaharibika sana, hofu na maumivu vinashusha presha ghafla na moyo dhaifu hauwezi kujirudisha. Toka 2022 Shirika la Moyo la Marekani limeshauri wagonjwa wa namna hiyo, valvu zimebana sana au moyo umechoka, wapewe peniselini ya kunywa badala ya sindano. Mtoto wa dada hayupo kundi hilo kwa maelezo aliyotoa. Kwa wengine wote sindano bado inashinda vidonge, kwanza kwa sababu vidonge ni mara 2 kila siku kwa miaka, na hakuna familia isiyosahau.

mama_wa_watatu

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea baba yao, hasa ya @tiktik_kifuani, alinyamaza akauliza tu sindano inayofuata ni lini. Shangazi bado anabishana lakini yeye hakai hapa. Mdogo nitampeleka akasikilizwe moyo, sindano sitaanza.

Swali la mwisho, wiki ijayo tuna safari ya kifamilia na tarehe yake inaangukia katikati, tukirudi itakuwa imepita karibu wiki. Nifanyeje, nisubiri?

nesi_wa_zamu

Usisubiri. Mchome kabla ya kuondoka, kuwahi siku kadhaa hakuna ubaya, wapo wanaochomwa kila wiki 3 kabisa. Kuchelewa ndio shida maana dawa kwenye damu inakuwa imeshashuka sana hizo siku za mwisho. Halafu tarehe mpya unahesabu kuanzia siku aliyochomwa, sio ile ya zamani. Piga picha kadi yake ukae nayo kwenye simu, na ikitokea popote mkiwa safarini koo limemuuma, onyesha hiyo picha kabla hujaeleza kitu kingine.

mama_wa_watatu

Sawa nesi, kesho asubuhi tunaenda. Nitaulizia na hiyo lidokeini.